Harusi ya mamilioni, mpiga kanuni anarudi na nauli: ni kweli Wazanzibari hatuthamini sanaa?

Kibaraza cha Kokoni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wadau.

Kuna kauli imeshakuwa kibwagizo kwetu: "Mzanzibari hathamini sanaa mpaka mgeni aipigie makofi." Inasemwa barazani, inasemwa redioni, na kila akifariki msanii mkubwa inafufuliwa pamoja na picha yake ya zamani. Mie siikubali. Si kwamba hali ni nzuri, hali ni mbaya khasa. Lakini kauli hii inamtupia lawama asiyehusika, na mwenye kuhusika anaachwa anakunywa kahawa yake kwa raha.

Watazameni watu wenyewe. Mwanamke wa hapa hanunui kanga mpaka asome jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Rangi inaweza kumpendeza sana, lakini maneno yakiwa hayampi anachokitaka kusema, ataikunja amrudishie mwenye duka. Mkaazi wa Ng'ambo akisikia beti mbili za taarab anajua zimetungwa kumjibu nani na ugomvi wenyewe ulianzia wapi. Watu hawa mtawaambiaje hawajui sanaa? Wanaijua kupita kiasi. Ndiyo maana wasanii wetu wanawaogopa.

Tatizo letu ni kwamba tunailipia shughuli, hatumlipi mtu. Pesa zinatoka, tena nyingi. Zinakwenda ukumbini, kwenye mapambo, kwenye nguo za sare, kwenye keki ambayo hakuna anayeimaliza. Mwimbaji naye anapata chake palepale, kwa dakika wimbo unapopigwa. Wimbo ukisha, na sisi tumeshamalizana naye.

Mkumbuke kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa wimbo ukipigwa, kunavyokwenda. Bibi anainuka kitini taratibu, noti kaikunja baina ya vidole viwili, anakwenda kwa madaha huku anacheza mabega tu. Jukwaa hata halitazami. Anamtazama aliyemkusudia, safu ya tatu, mwenye mtandio wa zambarau. Ukifika ule ubeti wake, mkono unapanda juu noti ionekane, kisha ndiyo anampa mwimbaji. Pesa imekwenda kwa mmoja, ujumbe umekwenda kwa mwengine. Na yule aliyekaa usiku kucha kuyapanga maneno hayo yuko nyumbani kwake, hajui hata kama leo wimbo wake umepigwa.

Na mpiga kanuni je? Kanuni, ile ala ya taarab, ina nyuzi zaidi ya 70, sauti moja nyuzi tatu, na zote zinataka kukazwa kwa ufunguo mmoja baada ya mmoja. Anaanza kutia sauti ukumbi ukiwa mtupu. Watu wakishaanza kuingia yeye bado ameinama, na hapo utasikia, "Hawa mbona hawaanzi?" Mwisho wa usiku klabu inatoa pesa ya gari, inatoa ya mafuta, inatia kidogo kwenye mfuko wa chama, kinachobaki wanagawana. Yeye hakutunzwa, maana hakuna anayempelekea mtu ujumbe kwa kupitia kanuni.

Asili ya jambo hili ninavyoiona mie ni heshima, ila ilikaa pahala pabaya. Taarab ilianzia jumba la kifalme, zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na ambaye muziki wa Misri aliupenda sana. Ilipotoka jumbani ikaingia kwenye klabu. Ikhwani Safaa imeanzishwa 1905, na waliokuwamo walikuwa watu na kazi zao, wamekutana kujistarehesha kama jina lao linavyosema, ndugu wenye kupendana. Muungwana hapigi udi kwa ujira. Akialikwa harusini anakwenda kwa kumstahi mwenye shughuli, na mwenye shughuli anampa chakula kizuri na shukrani. Adabu hiyo ilikuwa nzuri sana kwa mtu mwenye duka lake. Kwa kijana wa leo ambaye fidla ndiyo duka lake, adabu hiyohiyo inamlaza na njaa.

Nawaachia hapo. Njooni.

---

Mtoto wa Miembeni

Mkuu umeandika vizuri ila umejifungia kwenye taarab, kama vile Zanzibar nzima ina miaka sitini. Sie tunaofanya Zenji Fleva, muziki wa vijana wa hapa, tunasemaje? Washa redio yoyote hapa mjini sasa hivi, hesabu nyimbo kumi. Ukipata mbili za vijana wa hapa niite nije nikununulie urojo. Harusi hizo hizo unazozisema, siku hizi anaitwa didjei na flashi yake, nyimbo elfu humo ndani, hakuna hata moja aliyoilipia. Kutunza angalau ni pesa, yakhe. Flashi haitunzi.

---

Bint Wete

Nami niseme kidogo kutoka Pemba, maana mkitaja "Zanzibar" mnakusudia kutoka Darajani mpaka Forodhani.

Huku sanaa inakumbukwa akija mgeni rasmi. Ukisikia kikundi cha ngoma ya msewe kimeitwa, jua kuna kiongozi anafika au kuna jiwe la msingi linawekwa. Wazee wa watu wanafika saa moja asubuhi, wamevaa, msewe wameshajifunga miguuni, wanasubiri juani. Mgeni anafika saa tano. Wanacheza robo saa, tena katikati wanaambiwa "inatosha, muda umekwenda". Kisha wanapewa soda. Mie nilikuwapo, namjua aliyeulizia posho akajibiwa "hii ni kazi ya kuitumikia nchi". Mtu wa spika kalipwa, mtu wa mahema kalipwa, mtu wa maua kalipwa. Mchezaji ndiye anayeitumikia nchi.

Na msewe si kurukaruka. Ile inayofungwa miguuni ndiyo ngoma yenyewe, mguu ukikosea pigo kila mtu anasikia. Vijana hawajifunzi kwa sababu wanaona wazee wao wanavyofanywa.

---

Kibaraza cha Kokoni

Bint Wete, hilo la mtu wa maua kulipwa limenikaa. Ndilo ninalolisema: kila kitu kwenye shughuli kina bei isipokuwa mtu ambaye bila yeye pasingekuwa na shughuli.

Mtoto wa Miembeni, kweli nimeanza na taarab kwa kuwa ndiko ninakokujua, lakini mfupa ni mmoja. Hebu nikurudishe kwa Siti binti Saad, kwa sababu yeye aliukata uzi huu mapema. Mzaliwa wa Fumba, ametoka shamba, alikuwa akiuza vyungu. Hakuwa muungwana wa klabu, hakuwa na duka la kumlisha huku anajistarehesha. Sauti ndiyo iliyokuwa rasilimali. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay na wenziwe kurekodi sahani za santuri, mwanamke wa mwanzo wa Afrika Mashariki kufanya hivyo kibiashara, na sahani zikauzwa pwani yote. Aliimba kwa Kiswahili ambapo jumbani walizoea Kiarabu, aliimba habari za mahakamani na za mtaani, watu wakamsikiliza majumbani na kwenye migahawa. Huyo alikuwa msanii wa kulipwa, na nchi ilimpenda hivyohivyo. Kwa hiyo asije mtu akatuambia utamaduni wetu haujui kumlipa msanii. Tulijua, karibu miaka mia iliyopita. Tulikuwa na njia mbili, ya klabu na ya Siti, tukazichanganya vibaya: tunamsifu msanii kama Siti na kumlipa kama mwanachama wa klabu.

---

Ustadh wa Mfenesini

Wa aleikum salaam. Nimesoma kwa makini. Naomba niingie kwa adabu.

Mnaposema jamii inathamini au haithamini sanaa, mnahesabu muziki na ngoma peke yake. Wapo watu katika jamii hii, nami ni mmoja wao, ambao muziki wa ala hawauhudhurii kwa sababu ya dini yao. Je, sisi tumo kwenye hesabu au ni maadui wa sanaa? Maana ndivyo tunavyochorwa kila likizuka jambo. Mwaka 2006 palipozuka mabishano kuhusu sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu kuzaliwa kwa Freddie Mercury, dunia nzima iliandika kwamba Wazanzibari hawampendi msanii wao. Hakuna aliyetuuliza tunampenda nani.

---

Kibaraza cha Kokoni

Ustadh, mumo, tena mbele. Usiku wa maulidi ya homu mimi huwaona watu wanaopanga safu wakiinama na kuinuka kwa pamoja kama wimbi moja, wakighani bila kukosea pumzi. Qasida, dufu, hizo zote zina mafunzo ya miaka. Na mashindano ya Qur'ani mwezi wa Ramadhani ndiyo yanayonithibitishia jambo langu. Tilawa siiiti sanaa, nisieleweke vibaya, ni ibada. Lakini mtazame anayesikiliza: mzee hajui kusoma maandishi ya kawaida, kijana akivuta madda (sauti ya kurefushwa) zaidi ya haki yake yeye anatikisa kichwa kabla ya jaji. Sikio hilo limefunzwa tangu chuo cha Qur'ani. Watu wenye sikio kama hilo huwezi kuwaambia hawajali kizuri. Na angalieni, kwenye mashindano hayo zawadi zinatangazwa hadharani, wafadhili wanajitaja, mshindi anajulikana kwa jina. Tukitaka kumpa mtu haki yake mbele za watu, tunaweza.

Kuhusu Freddie, mie nasema waziwazi: hayuko katika mjadala huu ila kama kioo cha utalii. Kazaliwa hapa 1946, Farrokh Bulsara, wazee wake Maparsi, akapelekwa skuli India angali mdogo, na familia ikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Muziki wake haukutoka kwenye sikio letu. Makumbusho yake yamefunguliwa Shangani 2019, wageni wanaingia kwa kiingilio, vizuri, watu wanapata ajira. Lakini kumpenda au kutompenda hakupimi chochote kuhusu thamani ya sanaa kwa mtu wa Kikwajuni.

Kipimo kizuri zaidi ni mwandishi Abdulrazak Gurnah. Oktoba 2021 katangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi, mzaliwa wa hapahapa. Mnakumbuka tulibishana nini? Pasi ya kusafiria! Ni Mtanzania, ni Mzanzibari, ni Muingereza, kwa nini aliondoka, uraia pacha uruhusiwe au usiruhusiwe. Siku nyingi za kelele, na kitabu hakitajwi. Si kwamba watu ni wajinga. Vitabu vyake vyote vilikuwa kwa Kiingereza, na vikipatikana hapa basi ni dukani kwa watalii kwa bei ya watalii. "Peponi", tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, imetoka 2022, mwaka mmoja baada ya tuzo. Na mwaka huohuo wa 2021 tumemzika mshairi Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyekuwa mvuvi, baharia na mchukuzi wa karafuu, na tungo zake zimeimbwa na klabu zetu. Nyimbo zake watu wanaziimba jikoni bila ya kujua za nani. Huyo tulimthamini au hatukumthamini? Mie najibu: tuliyathamini maneno mpaka tukayafanya yetu, mwenyewe tukamsahau.

---

Mchoraji wa Njiapanda

Mimi nachora Mji Mkongwe, mwaka wa kumi na kitu sasa. Mmesahau kabisa watu wa rangi.

Vichochoro vyote vya Hurumzi na Gizenga vimejaa picha za mtindo wa tingatinga. Si asili yetu, Edward Said Tingatinga aliianzishia Dar es Salaam mwisho wa miaka ya 1960, akafariki 1972, lakini ndiyo inayotulisha. Mgeni anataka twiga, tembo, mbuyu na jua linalozama. Nilijaribu kuchora bandari ya Malindi alfajiri, wapagazi na magunia, picha ikakaa dukani mpaka mwenye duka akaniambia, "Hii irudishe, weka tembo." Nikaweka tembo juu yake. Tembo akauzwa.

Mnaposema mgeni anathamini sanaa, mie nacheka. Mgeni anathamini ukumbusho. Anataka kitu kiingie begini.

Wateja wangu wagumu, wanaojua, ni wavuvi. Mtu akileta chombo chake kuandikwa jina anakaa pembeni siku nzima. Hili "S" mbona limelala? Hii rangi ya chini haitoki maji ya chumvi? Mmoja alinifutisha jina zima kwa sababu kikia cha herufi ya mwisho hakikukaa alivyotaka. Na akalipa bila kupunguza hata shilingi! Lakini mvuvi huyohuyo umpeleke dukani umuoneshe picha ukutani, atakuuliza, "Hii umechora kwa saa ngapi?" Anataka kunilipa kama kibarua wa zege.

---

Mtoto wa Miembeni

Ha ha, tembo juu ya bandari. Hiyo ndiyo hali ya nchi, mzee.

---

Hakimu Asiye na Joho

Naona mnazungumzia mapenzi, wakati jambo hili ni la sheria. Hakimiliki si jambo la Muungano. Bara wana taasisi yao ya hakimiliki, COSOTA, kwa sheria yao ya 1999, sisi tuna yetu, COSOZA, kwa Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003. Sheria ipo zaidi ya miaka ishirini. Hoteli inayopiga muziki mapokezini, ukumbi wa harusi, redio, wote wanatakiwa wawe na leseni, na pesa zigawiwe kwa wenye kazi. Msanii asiyesajili kazi yake asimlaumu bibi harusi. Nimewaambia watungaji wangapi waende kusajili? Jibu ni lilelile: "Inshallah wiki ijayo."

Halafu acheni kuitegemea pesa ya nje. Tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianza 2004, kila Februari Ngome Kongwe inajaa, na bado mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Chuo cha muziki cha DCMA kimefunguliwa 2002, kimefundisha kanuni, udi na fidla kwa vijana wasio na uwezo, na 2019 kilitangaza hadharani kwamba kinakaribia kufungwa kwa sababu wafadhili wamepungua. Mfadhili ana haki ya kuchoka. Mwenye nyumba hana.

---

Kibaraza cha Kokoni

Hakimu, sheria nakubaliana nayo ila hapo pa "msanii asimlaumu bibi harusi" tumeachana. Mtungaji wa zamani ataisajili vipi nyimbo aliyoitungia klabu mwaka 1975, kwenye karatasi ya daftari, muziki akautia mwengine, sauti akaitia mwengine, na mkanda uko redioni? Klabu inasema ni yake. Redio inasema mkanda ni wake. Warithi wa mtungaji ndiyo kwanza wanasikia. Sheria imeandikwa kwa mtu mmoja mwenye gitaa na jina lake, wakati kazi zetu ni za watu ishirini na chama. Hapo ndipo pa kukaa na kuzungumza, klabu kwa klabu, kabla ya kumkimbilia mwenye hoteli.

Na mwimbaji Bi Kidude tusimpite. Mwaka 2005 katunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX kule Uingereza, miaka minane baadaye akafariki. Sura yake ipo kwenye fulana, mikoba, mabango. Pale penye unyago, penye kazi yake ya asili ya kufunda wari, alikuwa analipwa kwa desturi, kwa vitu na kwa pesa, na hakuna aliyethubutu kumwambia anaitumikia nchi. Somo, yaani mfundaji wa wari, hapigwi dezo. Kwa nini desturi ya unyago inajua kumlipa fundi wake na halmashauri ya sherehe haijui? Hilo ndilo swali ninalotaka litoke humu liende kwa wanaohusika.

Kwa upande wangu nimeanza na dogo. Harusi ya kwetu iliyopita tuliandikiana na klabu: ya wapigaji mbali, ya gari mbali, na fungu la mtungaji mbali, kwa jina lake. Mshenga alisema tunaleta mambo ya kizungu. Alipoambiwa fungu lenyewe ni chini ya bei ya safu moja ya maua, alinyamaza, kisha akauliza maua yamekuwa bei gani.

---

Bint Wete

Hiyo karatasi mliyoandikiana tupia humu tuione, ufiche majina. Huku baada ya Idd kuna harusi tatu na kikundi cha ngoma ya kibati kimeshaombwa "kuja kutusaidia".

---

Hakimu Asiye na Joho

Itupie, lakini pasi na sahihi ya mwakilishi wa klabu hiyo ni barua ya mapenzi tu.

---

Mchoraji wa Njiapanda

Na anayeandika bango la harusi naye muwekeeni fungu lake, msijifanye hamkumuona.